Fedha za Marika: Chuo cha Githunguri

Hapo zamani mzee wa Kikuyu akiulizwa umri wake hakutaja miaka. Alitaja rika lake. Waliotahiriwa pamoja walikuwa rika moja, nalo lilipewa jina la jambo kubwa la wakati ule. Walioingia utu uzima katika siku za kuletwa kipande, kwa mfano, waliitwa Kibandi. Watu wa rika moja walijuana tabia tangu ujana, wala mchoyo hakuwa na mahali pa kujificha kati yao. Juu ya desturi hiyo, wala si juu ya hazina ya Serikali, kilijengwa chuo cha ualimu cha Githunguri, katika Kiambu.

Haja ya chuo ilitokana na ugomvi wa mwaka 1929. Wamisheni waliwataka wafuasi wao waikane mila ya kutahiri wasichana. Wengi walikataa, wakatoka makanisani, na watoto wao wakakosa shule. Wazazi wakajijengea zao. Lakini shule ni mwalimu, na waliowafundisha walimu walikuwa ni wamisheni wale wale. Basi Mbiyu wa Koinange aliporudi mwaka 1938 kutoka Marekani, alikosoma hata katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikuta watu wenye madarasa wasio na wa kufundisha ndani yake. Chuo kilifunguliwa Januari 1939.

Fedha zilipatikanaje? Marika yalishindana. Rika moja likileta mchango wake hadharani, jingine liliona haya, likaenda kutafuta zaidi. Mali ya watu wengi wakati ule ilikuwa mbuzi na mashamba kuliko shilingi, kwa hiyo kutoa hakukuwa jambo jepesi. Wanawake nao hawakukubali kuwa watazamaji: walikusanya fedha zao wenyewe ili wasichana wapate bweni pale chuoni. Haya yote yalitendeka miaka mingi kabla Harambee haijawa wito wa taifa mwaka 1963.

Mashindano hayo, kwa maoni yangu, yalikuwa nguvu ya chuo na udhaifu wake pia. Kuona haya mbele ya wenzi kwaweza kuinua kuta upesi, lakini hakuandiki hesabu, wala hakulipi mshahara kila mwisho wa mwezi. Jomo Kenyatta alipokuwa mkuu wa chuo, tangu 1947, fedha zilikuwa haba na walimu walivumilia mengi. Hata hivyo watu waliendelea kutoa, kwa kuwa chuo kilikuwa chao.

Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Chuo kilifungwa, na shule za kujitegemea zikafungwa pia. Mahali pale palipojengwa kwa fedha za marika pakasimamishwa miti ya kunyongea, na wapiganaji wa Mau Mau wakanyongwa hapo.