Mjusi wa bluu wa Kimboza

Ndugu mkulima, akija mtu kijijini kuulizia buibui wa rangi, samaki wa mapambo au mijusi, kumbuka kwanza habari ya Kimboza.

Kimboza ni msitu wa hifadhi, mdogo tu, kama kilomita za mraba 4, chini ya Uluguru. Humo anaishi mjusi mdogo sana, dume lake la bluu kali, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1952. Anakaa kwenye mikadi, ile miti ya majani marefu yenye miiba.

Wafugaji wa Ulaya walipompenda, wakamataji wakaingia msituni. Inakadiriwa kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu lilichukua mijusi 32,000 hadi 42,000. Na mara nyingi hawakuhangaika kupanda. Waliangusha mkadi mzima, wakaokota mjusi. Ni sawa na kukata mwembe ili umpate kuku aliyelala juu! Mjusi akauzwa mara moja, na mti aliotegemea mwenzake nao ukawa umekwisha.

Mwaka 2016 serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka huohuo mkutano wa CITES ukakubali kuzuia biashara ya kimataifa ya mjusi huyu akitoka porini.

Kwa hiyo mnunuzi akikufikia, mwombe kibali, kisha mpeleke kwa afisa mtendaji wa kijiji kabla hujapokea hata shilingi ya nauli. Kama ni samaki unataka, njoo tuzungumze bwawa la perege.