Somo Alilolikwepa Steringi

Kwenye kibanda cha video mtaani kwetu tulijua jambo moja: steringi hafi. Ulilipa shilingi kumi, mkabanana kwenye benchi, na kabla muvi haijafika katikati ulishajua atakayeshinda. Drunken Master ndiyo iliyonivuruga. Humo steringi anachapwa na kila mtu, hata shangazi yake. Adui anamlazimisha kutambaa katikati ya miguu yake. Nani huyu sasa?

Ilitoka Hong Kong mwaka 1978. Bruce Lee alikuwa amefariki 1973, na kila prodyuza alitaka Bruce mwingine. Lo Wei alimvisha Jackie Chan hasira za marehemu katika New Fist of Fury, 1976. Haikuuza. Baadaye akamwazima kwa prodyuza Ng See-yuen, vile mtu huazimana jembe ambalo halimsaidii. Yuen Woo-ping, aliyezoea kupanga mapigano ya muvi za wengine, akapewa kuongoza. Mwaka huohuo mmoja wakatoa Snake in the Eagle's Shadow, kisha hii.

Ujeuri wao ulianzia kwa mhusika. Wong Fei-hung alikuwa mganga na mpiganaji wa kweli wa Guangdong, na tangu 1949 Kwan Tak-hing alikuwa amemwigiza mara nyingi sana kama mzee wa heshima. Hawa wakamfanya kijana mtoro anayesumbua wasichana sokoni. Fikiria mtu atengeneze hivyo muvi ya shujaa wetu wa Uhuru. Si tungeandamana?

Sasa tazama miguu. Mlevi anayumba mabega, kichwa kinaning'inia, lakini miguu haikosei hata hatua. Kamera inakaa mbali kidogo ili umwone mtu mzima, na ngumi zinakuja kwa mfululizo mrefu: piga, kinga, piga, kinga, halafu wote wanasimama kidogo, kama ngoma inayovuta pumzi. Mdundo huo ni wa opera ya Kichina. Jackie aliingizwa shule ya opera ya mwalimu Yu Jim-yuen akiwa mtoto wa miaka saba hivi, kwa mkataba wa miaka 10. Sarakasi, kuimba, kiboko. Walipomaliza, watazamaji wa opera walikuwa wamehamia sinema. Ujuzi wote huo, na hakuna kazi. Wengi wakaenda kuangushwa kutoka ghorofani kwa niaba ya masteringi. Hata yule mzee mlevi anayemfundisha, Yuen Siu-tien, ni baba mzazi wa mwongozaji, naye mtu wa opera.

Mzee ana mitindo minane, kila mmoja wa mtakatifu mlevi. Wa nane ni wa mwanamke, Bibi Ho. Kijana anaudharau, eti ni mambo ya kike, anauruka. Kwenye pigano la mwisho adui, Mkorea Hwang Jang-lee mwenye mateke ya kutisha, anamlazimisha kufika huo wa nane. Hajui. Mzee anamwambia achanganye ile saba atunge wake. Basi anakata kiuno, anajipodoa hewani, anashinda. Kibandani tulicheka hadi benchi likavunjika.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sababu, ingawa darasa nilikuwa nimeanza kulikwepa kabla ya karo kuisha. Kwa muda mrefu niliwaambia watu muvi hii iko upande wangu: aliyeruka somo ndiye alishinda. Juzi nimeitazama tena kwenye simu, usiku, sauti chini. Nikarudia pale kijana ananing'inia kichwa chini, akichota maji kwa vikombe vidogo kutoka ndoo ya chini kupeleka ya juu, tumbo likitetemeka. Lilikuwa tumbo lake mwenyewe. Kumbe hiyo saba aliilipia.

Nikairudisha nyuma tena, nikaanza kuhesabu vikombe.