Maadili ya Mtu: Kujengeka na Kubadilika Kwake

Maadili ya mtu ni mambo anayoyaona bora, yanayomwongoza anapochagua. Katika mitaa ya Mombasa kama Likoni, Kisauni na Changamwe, huanza nyumbani na madrasani. Mtoto aliyetumwa dukani akarudisha chenji yote, kisha akasifiwa mbele ya jirani, hujifunza uaminifu zaidi kuliko kwa mawaidha marefu. Wosia nao una nafasi yake: mshairi Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi wa kumuusia mwaka 1858.

Maadili huimarika kwa kutendwa. Kijana anayeshika jembe kaburini na kuchangia matanga huuona ujirani kuwa deni lake.

Kazi na ndoa huyapima maadili hayo upya. Changamwe, mtaa wa reli na viwanda, huwakutanisha watu wa makabila na dini mbalimbali, na aliyelelewa kuthamini ukoo wake tu huja akawaita wenziwe hata wasio wa damu yake. Misiba pia huyabadilisha, wala si kwa njia moja. Fujo za Likoni za Agosti 1997 ziliwahamisha maelfu, wengi wao watu wa bara. Hofu ya namna hiyo humfanya mmoja afunge mlango, na mwingine amfiche jirani yake. Uzeeni, hamu ya cheo na mali hupungua kwa wengi, jamaa na ibada vikatangulia.