Kopo la Bure

Siku ya tatu baada ya kujifungua, mwanangu alilia usiku kucha. Chuchu zilikuwa zimechanika, na maziwa yenyewe yalikuwa matone tu, ya manjano. Asubuhi jirani yangu akaingia na rai yake: "Shoga, mtoto ana njaa huyo! Kamnunulie maziwa ya kopo." Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mweke anyonye, mwanangu. Ziwa hujaa kwa kunyonywa."

Ndugu msomaji, sikujua kumbe ubishi ule wa chumbani kwangu una historia ndefu.

Mwaka 1939, mjini Singapore, daktari Cicely Williams alisimama mbele ya klabu ya Rotary akatoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Alikuwa ameona watoto wakifa kwa kulishwa maziwa matamu ya kopo badala ya ziwa la mama, akasema bila kuficha kwamba hayo ni mauaji.

Biashara haikukoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni za maziwa ya unga zilieneza bidhaa zao Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Ziliajiri wanawake, zikawavisha sare kama za manesi, wakapita wodi za wazazi wakigawa makopo ya bure. Bure! Hapo ndipo ulipokuwa ujanja. Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akishibishwa kwa chupa, hanyonyi. Asiponyonya, ziwa hukauka. Kopo la bure likiisha, la pili ni la kununua. Sasa mama asiye na pesa afanyeje? Anazidisha maji ili unga ufike mwisho wa mwezi, na maji yenyewe si salama. Mtoto anaharisha, anakonda, anakufa.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapa kijitabu kuhusu vifo hivyo. Mwaka 1977, huko Marekani, watu wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kukataza kutangaza maziwa hayo na kuwagawia kina mama sampuli za bure. Nchi 118 zilikubali. Iliyokataa ni moja tu, Marekani. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na Kenya ikapitisha sheria mwaka 2012.

Sisemi kopo ni sumu. Yuko mtoto aliyefiwa na mama, yuko mama mgonjwa. Hao wana haja nalo kweli. Mimi sikuwa na haja, nilikuwa na hofu tu. Na hofu hiyohiyo ndiyo waliyoifanyia biashara.

Basi nilimsikiliza mama mkwe, nikauma meno, nikamweka mtoto kifuani. Siku ya nne, alfajiri, niliamka nikakuta kanga imelowa.