Tangawizi ya Watoto: Kutoka Kiriba cha Madina Hadi Nyahanga

Mabibi harusi wetu siku hizi hawaishii Mjini na Chake Chake. Wapo wanaofuata waume zao mpaka Nyahanga, Kahama, kwenye ukanda wa dhahabu uliokusanya watu wa kila kabila. Tangawizi ya kuchachusha kwa sukari na hamira ndani ya chupa inaweza kukufikia mezani huko, na neno lake hili: "Kilevi chake kidogo, hata watoto wanakunywa." Tuitazame historia kwanza.

Tangawizi yenyewe haina kosa. Qur'ani imeitaja katika Surat Al-Insan, katika kinywaji cha watu wa Peponi. Wala kuroweka si kosa. Bibi Aisha (RA) amesimulia kuwa wakimrowekea Mtume (SAW) tende katika kiriba asubuhi akainywa jioni, na ya jioni akainywa asubuhi. Nabidhi ile ilikuwa tamu tu, kwa kuwa haikupewa muda wa kugeuka. Ujumbe wa Abdul Qays ulipofika Madina, wakakatazwa kuroweka katika vibuyu na baadhi ya vyombo vingine. Wanazuoni wameeleza: humo kinywaji huchacha upesi na mtu asitambue. Baadaye vyombo vikaruhusiwa, likabaki katazo la kila kilevi.

Mwanamke wa Kisukuma au wa Kisumbwa hahitaji kufafanuliwa habari ya kibuyu. Togwa, uji uliotiwa kimea, ni tamu siku ya kwanza na watoto huinywa. Iache siku kadhaa, khasa katika chombo kilichowahi kutiwa pombe, chachu iliyojificha humo itaifanyia kazi yake.

Tangawizi ya chupa inatoka kwa Waingereza, tangu karne ya 18. Mwaka 1892 Harry Marshall Ward alieleza kuwa donge walilolitumia kuichachusha ni hamira na bakteria wanaoishi pamoja. Hamira hula sukari ikatoa gesi na kilevi kwa pamoja. Huwezi kuagiza kimoja. Friji huipunguzia mwendo, haiisimamishi. (Mkate nao huumuliwa kwa hamira, lakini hupita motoni, na hatujamwona aliyelewa boflo.)

Hadithi inasema kinacholevya kwa wingi, hata kichache chake ni haramu. Nyumbani nani anapima? Chupa ya Ijumaa si ile ya Jumatatu, na joto la Kahama halingojei. Sisi hatumpi mtoto.

Na mapovu? Mwaka 1767, mjini Leeds, Joseph Priestley aliweka maji juu ya pipa la kiwanda cha pombe, yakanywa gesi bila kugusa pombe. Ndiyo asili ya maji ya soda, na ndiyo njia yetu.

Twanga robo kilo ya tangawizi, ichemshe kwa lita moja ya maji dakika 20, uchuje. Tia vikombe viwili vya sukari ikiwa moto, na ndimu ikishapoa. Weka kwenye friji, tengeneza ya siku mbili tu. Wageni wakifika, sehemu moja ya tangawizi kwa tatu za maji ya soda ya baridi, papo hapo kwenye gilasi. Kwa wadogo ongeza maji, isije ikawawasha koo.