Kukimbia palepale: gurudumu la gereza na mizunguko ya Zátopek

Leo naweka historia kidogo, na mada ni kukimbia. Najua wengi mtasema kukimbia kunaboa: mguu huu, mguu ule, uwanja uleule, miti ileile. Sibishi, kunaboa kweli. Ila najiuliza, mbona marudio hayohayo yamewavunja watu wengine na wengine yamewajenga?

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1818 injinia William Cubitt alibuni gurudumu kubwa kwa ajili ya wafungwa, limezungushiwa vibao kama ngazi. Wafungwa wanajipanga, wanashika mti ulio juu, wanakanyaga kibao, kinashuka, wanakanyaga kingine. Yaani unapanda ngazi saa nzima na hufiki popote. Likaitwa tredimili, kinu cha kukanyaga, kwa kuwa baadhi yalisaga nafaka au kuvuta maji. Lakini mengine hayakusaga chochote, yalizungusha hewa tu! Mwandishi Oscar Wilde alilikanyaga mwaka 1895 alipofungwa London. Kule Jamaica, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1834, watumwa wa jana waliitwa "wanagenzi", na waliogoma kazi za mashambani walipelekwa kwenye magurudumu hayohayo. Uingereza ilikuja kuyaondoa kwa sheria ya magereza ya mwaka 1898. Leo watu wanalipia jimu wakakimbie juu ya mashine yenye jina lilelile, tredimili. Historia nayo ina utani wake.

Mfano wa pili ni Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyezaliwa mwaka 1922. Alikuwa kijana wa kiwanda cha viatu cha Bata mjini Zlín. Mwaka 1941 kiwanda kilimlazimisha kuingia kwenye mashindano ya mbio, yeye hakutaka kabisa, akashika namba mbili. Kwa hiyo hata yeye alianza kwa kusukumwa. Ila baada ya hapo akaanza kukimbia kwa hiari yake, na mazoezi yake yalikuwa ya kuchosha hata kuyasoma: mita 400 kwa kasi, kisha polepole kidogo, kisha mita 400 tena, mara 20. Miaka iliyofuata akafika mara 60. Pigeni hesabu wenyewe, 60 mara 400 ni kilometa 24, na hapo sijaweka vile vipande vya polepole. Pengine alikimbilia msituni na mabuti ya jeshi miguuni.

Matokeo mnayajua. Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alichukua dhahabu ya mita 10,000, ya mita 5,000 na ya marathoni, zote ndani ya siku nane. Na hiyo marathoni ilikuwa ya kwanza maishani mwake! Mpaka leo hakuna aliyerudia hayo.

Sasa tofauti iko wapi? Wote walirudia kitu kilekile. Mimi naona mfungwa alinyang'anywa vitu viwili: sababu, na kuona matokeo. Idadi ya hatua alipangiwa na mwingine, na akikanyaga vizuri au vibaya, kesho ni palepale. Zátopek alijipangia idadi mwenyewe, na kila mzunguko ulimpa jibu: leo nimechoka kwenye wa 15, wiki ijayo nichoke kwenye wa 18. Uwanja haukubadilika, aliyebadilika ni yeye. Na asingeyaona mabadiliko hayo kama kila siku angekimbia kitu kipya.

Kwa nini nawaandikia ninyi, hasa wenzangu wa ualimu? Kumbukeni mchakamchaka wa shule ya msingi. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine tunaitikia, vumbi linatimka, na hakuna aliyelalamika kuwa anakimbia. Halafu saa nne mwalimu yuleyule anakwambia, "Zunguka uwanja mara kumi," kwa kosa la kuchelewa. Miguu ni ileile, lakini hapo ndipo wengi tulipoanza kuchukia mbio. Ukimwadhibu mtoto kwa kumwandikisha sentensi moja mara mia, ni gurudumu la Cubitt hilo, tofauti ni kalamu tu.

Na gurudumu linatungoja hata sisi. Utafundisha mada moja mkondo A, B, C na D, mwakani tena, na mwaka unaofuata tena. Ukiingia darasani na desa lilelile lililochakaa bila kuangalia nani ameelewa, utazungusha hewa mpaka unastaafu. Ukijiuliza kila kipindi, "Mkondo B wamekwama wapi ambapo A walipita?", basi huo ni mzunguko wako wa 16, na wa 17 utakuwa bora.

Naomba kuwasilisha. Wapinzani tukutane vimbwetani.