Msitu wa Karura: Jinsi umma ulivyorejeshewa haki ya kuingia

MKAZI wa Nairobi anayempeleka mbwa wake matembezini katika Msitu wa Karura hutakiwa kulipa kiingilio na kumshika mnyama huyo kwa kamba. Ni masharti mepesi, ikikumbukwa kwamba miaka ya 1990 msitu huo wa takriban hekta 1,041 nusura ugeuzwe mtaa wa majumba ya kifahari.

Karura ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Baadaye sehemu zake zilimegwa kimyakimya na kugawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Kufikia 1998, ujenzi ulikuwa umeanza. Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake, wakiwemo wabunge, walifika kupanda mti wakavamiwa na genge lililokodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Agosti mwaka huo, Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Miti ilinusurika, lakini watu waliendelea kuuogopa msitu kwa sababu ya wizi na mauaji. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu jamii kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) katika usimamizi. Chama cha Marafiki wa Karura kiliundwa 2009, uzio wa umeme ukajengwa, na wakazi wakarejea na baiskeli zao na mbwa wao.

Mwaka 2025 pande hizo mbili zilizozana kuhusu ukusanyaji wa ada za kiingilio. Ama kuhusu mipaka, sheria ya 2016 hairuhusu ibadilishwe bila idhini ya Bunge.